Dhima ya Fundi: Bima kwa Wauzao Kazi za Mikono

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa chama aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote linalohusu kazi yangu, mradi lisiwe la kuwalaza watu baada ya chakula cha mchana. Nimechagua bima. Naona baadhi yenu mmeanza kutazama saa. Nawaombeni subira kidogo, maana sikuja kuuza bima. Mimi ni seremala. Nimekuja kuwaeleza jinsi stuli moja iliyotoka katika karakana yangu ilivyomvunja mama mmoja nyonga, na mambo niliyojifunza baada ya hapo kwa gharama kubwa, ili ninyi myapate bure.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1979. Wale wa rika langu wanaikumbuka karakana iliyokuwa nyuma ya bwalo, na wanamkumbuka mwalimu wetu wa useremala. Mwalimu yule alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna kiti kilichotoka karakana kabla yeye mwenyewe hajakikalia na kukitikisa mbele na nyuma mara kumi. Ya pili, kila kazi iliandikwa jina la aliyeitengeneza, upande wa chini, kwa chuma cha moto. Alikuwa akituambia, "Kijana, ukiona haya kuandika jina lako, basi hicho si kiti, ni kuni."

Nilipofungua karakana yangu mwenyewe Dar es Salaam mwaka 1988, niliendelea kuandika jina. Kanuni ile ya kukalia na kutikisa, nasikitika kusema, niliiacha kidogo kidogo kadiri kazi zilivyoongezeka.

Mwaka 2011 mwenye mgahawa mmoja aliniagiza stuli ndefu 40 za mninga, akataka apewe baada ya wiki tatu. Mbao nilizozipata hazikuwa zimekauka sawasawa. Nilijua hivyo. Mbao mbichi ikikauka husinyaa. Na ulimi wa mguu ukisinyaa ndani ya tundu lake, gundi huachia na mguu hulegea. Hakuna seremala asiyelijua jambo hili. Lakini fedha ya kutangulizia nilikwisha kuila, na mteja alikuwa akipiga simu kila siku. Nikaziunga, nikazipiga msasa na vanishi, nikaandika jina langu chini ya kila moja, nikazipeleka.

Miezi mitano baadaye, mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikwenda pale mgahawani pamoja na wajukuu wake. Akakaa. Mguu ukatoka. Mama akaanguka juu ya sakafu ya marumaru na nyonga yake ikavunjika.

Mwenye mgahawa aliigeuza ile stuli na kusoma jina langu. Siku ya tatu, kijana wa yule mama alisimama mlangoni pangu. Hakugomba wala hakutukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Mzee, jina hili ni lako?" Nikasema, ndiyo, ni langu.

Ndugu zangu, wakati huo mimi nilijihesabu kuwa mtu mwenye bima. Nilikwenda kabatini nikatoa hati yangu, nikaenda nayo kwa mwenzetu mmoja tuliyesoma naye hapa, ambaye alikuwa akifanya kazi ya uwakala wa bima. Akaisoma, akanirudishia. Akasema, "Hii ni bima ya moto. Inakulinda wewe na mbao zako. Huyo mama humu hayumo."

Basi nilimlipia mwenyewe. Upasuaji, dawa, nauli, na binti wa kumsaidia nyumbani: kwa mwaka mmoja zilinitoka zaidi ya shilingi 9,000,000. Niliuza mashine ya kurandia mbao. Niliuza kiwanja nilichowanunulia wanangu. Vijana wawili niliokuwa nikiwafundisha kazi niliwarudisha kwao. Lakini hayo siyo yanayoniuma. Linaloniuma ni kwamba daktari aliposema mama afanyiwe upasuaji, yule mama alisubiri wiki tatu, mpaka nilipompata mnunuzi wa kiwanja. Wiki tatu mtu mzima amelala kitandani na nyonga iliyovunjika, kwa sababu fundi hana fedha. Alipona, lakini mkongojo hakuuacha tena.

Kwa hiyo, ninaposema habari ya bima leo, msidhani nasema habari ya kulinda kiwanja changu. Nasema habari ya zile wiki tatu.

Sasa niwaulize: yule mama alikuwa na haki gani juu yangu? Hakununua kitu kwangu. Hatukuwa na mapatano yoyote. Stuli aliinunua mwenye mgahawa. Swali hili si geni, na kisa chake mashuhuri kinapendwa sana na wanafunzi wa sheria. Mwezi wa Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue aliingia mkahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia kinywaji cha tangawizi katika chupa nyeusi isiyoonyesha kilichomo ndani. Alipokwisha kunywa kiasi, ikadaiwa, yalimiminika mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua. Bibi huyu hakununua kinywaji. Aliyenunua ni rafiki yake. Akamshtaki mtengenezaji, Stevenson. Shauri lilipanda hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1932 wengi wa majaji waliamua kwamba mtengenezaji anaweza kudaiwa na yule atakayekitumia kitu chake, hata kama hawakupatana lolote. Jaji Lord Atkin alisema sheria inamtaka mtu aangalie asimdhuru jirani yake. Na jirani ni yeyote ambaye ungepaswa kumfikiria unapofanya kazi yako, kwa kuwa kazi hiyo inaweza kumgusa.

Sisi tuliurithi utaratibu huo wa sheria, na mahakama zetu zinautumia. Aidha tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inazungumza juu ya wajibu wa mtengenezaji na usalama wa bidhaa. Kwa hiyo yule mama alikuwa jirani yangu. Nilipokuwa naunga mbao mbichi nilipaswa kumwona amekaa pale juu.

Wajibu huo unaokukaa shingoni ndio uitwao dhima. Na bima inayoubeba ndiyo bima ya dhima.

Wengi wetu tunaijua tayari bila kujua jina lake. Kila mwenye gari lazima akate ile tuiitayo bima ndogo. Bima ndogo haitengenezi gari lako. Inamlipa mtu wa tatu uliyemgonga. Bima ya dhima ni hivyo hivyo, ila badala ya gari ni kazi ya mkono wako. Tofauti ni kwamba fundi wa stuli hakuna askari wa usalama barabarani atakayemsimamisha na kumuuliza stika. Lazima ajisimamishe mwenyewe.

Na wale wanaosema bima ni jambo la Wazungu, nawakumbusha chama cha kufa na kuzikana. Mtaani kwetu kila nyumba inatoa kidogo kila mwezi. Siku ya msiba, sanda, turubai na chakula vipo. Mfiwa haendi kuuza mbuzi kwanza ndipo azike. Bima ni chama hicho, ila wanachama wake ni wengi na hawajuani.

Wenzangu wa zamani mtakumbuka enzi za bima kuwa mlango mmoja tu. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likawa la umma baada ya Azimio la Arusha la 1967, na biashara ya bima ilifunguliwa kwa makampuni mengine kwa sheria ya mwaka 1996. Sasa makampuni ni mengi, na yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wingi huo una faida, maana unaweza kulinganisha bei. Lakini pia unataka macho. Kabla ya kumpa mtu fedha, hakikisha kampuni yake, na yeye mwenyewe, wana leseni ya Mamlaka.

Ngoja nizigawanye bima hizi, kwa maana mimi nilizichanganya nikaumia.

Kwanza kuna bima ya mali yako: moto na wizi. Sote twakumbuka jinsi soko la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021. Bima hii ni muhimu, lakini inakulipa wewe.

Pili kuna dhima kwa umma. Hii ni ya madhara yatokeayo mahali pako pa kazi: mteja amejikwaa kwenye kinyago ulichokilaza njiani, au turubai la kibanda chako limeng'olewa na upepo na mti wake umempiga mpita njia.

Tatu kuna dhima ya bidhaa. Hii ni ya madhara yanayotokea baada ya kitu kuuzwa na kuondoka mikononi mwako. Ndiyo iliyonikosa mimi.

Nne kuna wafanyakazi wako. Kijana wako akikatwa kidole na msumeno, bima mbili nilizozitaja hazimhusu, kwa kuwa yeye si mtu wa nje. Kwa ajili yake kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mwajiri anatakiwa kujiandikisha na kuchangia.

Labda kijana mmoja pale nyuma anasema moyoni, "Mimi sitengenezi viti. Nasuka vikapu, natunga shanga." Vema. Shanga ikikatika, mtoto mchanga huitia mdomoni, na ikimkwama kooni si jambo dogo. Hereni yenye nikeli humwasha mtu ngozi mpaka ikatoka vidonda. Sabuni ya kupikwa nyumbani, ikizidishwa magadi makali, huunguza. Mshumaa uliomiminwa katika kibuyu unaweza kuchoma pazia la watu. Mdoli uliopakwa rangi yenye risasi, mtoto huulamba. Kazi ya mikono haina mashine kubwa, lakini ina majirani wale wale.

Mwaka 2012, nilipokwisha kusimama tena kidogo, nilirudi kwa yule mwenzetu wakala nikate bima ya dhima, zote mbili. Akanipa fomu. Penye swali la aina ya kazi, nikataka kuandika "vinyago na mapambo", maana nilisikia kwamba ada yake ni ndogo. Akanishika mkono. Akasema, "Andika viti na stuli za kukalia. Ukiandika vinyago, siku mtu akianguka tena kampuni itakuuliza, je, mtu huyu alikuwa amekalia kinyago?" Bima husimama juu ya ukweli. Ukificha jambo linalobadilisha hatari, kampuni ina haki ya kukataa kulipa, na utakuwa umelipa ada miaka yote kununua karatasi.

Basi ninyi mtakaoikata, yasomeni mambo haya kabla ya kutia sahihi. Tazameni kikomo cha fidia, yaani kiasi kikubwa kuliko vyote ambacho kampuni itatoa. Changu ni shilingi 50,000,000. Tazameni sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe. Yangu ni shilingi 500,000. Tazameni bima inafika nchi zipi. Ulizeni kama inahesabu siku ajali ilipotokea au siku dai lilipoletwa, maana stuli inaweza kuvunjika miaka mingi baada ya kuuzwa. Na kumbukeni kwamba ada isipolipwa, bima haijaanza. Ada yangu ya mwaka haifiki bei ya stuli sita.

Tazameni pia yasiyolipwa. Bima ya dhima haitakulipa ile stuli iliyovunjika wala haitakufidia gharama ya kuitengeneza upya. Haitalipa madhara uliyoyafanya kwa makusudi. Haitalipa faini uliyokubali katika mapatano kwa kuchelewesha kazi.

Mwaka 2018, katika maonyesho fulani ya biashara, stuli nilizozipanga moja juu ya nyingine zilianguka na kumvunja kijana mmoja vidole vya mguu. Safari hii nilikuwa na hati. Lakini hati ilikuwa na sharti lililonisumbua sana: mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Nikajiuliza, sisi tumelelewa vipi? Mtu ameumia kibandani kwangu, nami nikae kimya kama sikumwona? Nikampigia simu yule mwenzetu. Akaniambia, "Mpeleke hospitali. Mpe pole. Kamtazame kesho, mpelekee na uji. Pole si kukiri kosa. Ila usiandike barua, usitaje kiasi cha fedha, na usizitupe stuli zilizoanguka. Zipige picha uziweke. Na utoe taarifa leo, si wiki ijayo."

Nikafanya hivyo. Kampuni ilituma mtu wa kuchunguza, wakaulizana maswali mengi, na baada ya wiki saba ililipa hospitali na siku za kazi alizozipoteza yule kijana. Mimi nikatoa ile sehemu yangu ya kwanza. Sikuuza kitu. Na kama wasingelipa bila sababu ya haki, sikuwa nimekwama, kwa kuwa ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambako mwananchi anaweza kupeleka malalamiko.

Kuna jambo jingine kwa ninyi mnaotaka kuuza nje. Mnunuzi wa Ujerumani aliniandikia akitaka vigoda, na barua yake ya pili haikuuliza bei, iliuliza cheti cha bima. Nilidhani ananidharau. Baadaye nikaelewa. Kwa sheria ya Ulaya ya mwaka 1985, anayeingiza bidhaa kutoka nje huhesabiwa kama ndiye aliyeitengeneza; kigoda changu kikimvunja mtu kule, yeye hudaiwa kwanza. Sheria mpya ya mwaka 2024, inayohusu bidhaa zinazoingizwa sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, nayo haimwachi mwingizaji. Kwa hiyo anauliza kwa haki. Na mtu wa Marekani akikuagiza, uliza mara mbili: hati nyingi za bima ya bidhaa huziacha nje Marekani na Kanada, isipokuwa umeomba na kulipia zaidi.

Najua wako watakaosema ada hiyo ni kubwa kwa mtu auzaye vikapu vitatu kwa mwezi. Ni kweli. Ndiyo maana sisi mafundi 12 tulio jirani tumeungana, tukamwomba wakala atutafutie hati moja ya kikundi. Tunakaguana. Mwenzetu mmoja akiunga mbao mbichi, si yeye tu atakayelipa. Ada ya wote itapanda mwaka unaofuata. Kwa hiyo tunamwambia, na yeye anatuambia. Ushauri wangu kwa klabu ya sanaa na ufundi ya shule hii ni kwamba, mkipanga kuuza kazi zenu siku ya wazazi, mwombeni Mkuu wa Shule aulize kama bima ya shule, ikiwapo, inafika mpaka kwenye meza yenu. Swali hilo halina gharama.

Lakini vijana, msinielewe vibaya. Bima haikaushi mbao. Mama yule hakuanguka kwa sababu sikuwa na bima. Alianguka kwa sababu nilikuwa na haraka. Hati bora kuliko zote isingemrudishia nyonga yake. Ingemwondolea zile wiki tatu, basi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwalimu wetu nimeirudia. Siku hizi nakalia kila stuli, naitikisa mbele na nyuma mara kumi, ingawa magoti yangu yananung'unika. Nina daftari linaloonyesha kila mbao ilinunuliwa lini na ilikaa miezi mingapi kabla ya kutumika. Yule mchunguzi wa kampuni alipokuja mwaka 2018, kitu cha kwanza alichokiomba ni daftari hilo.

Na jina bado naliandika, chini, kwa chuma cha moto. Sasa naongeza tarehe na namba. Baada ya ajali wako walionishauri niache. Walisema, "Bila jina wasingekupata." Ni kweli, wasingenipata. Na yule mama angesubiri zaidi ya wiki tatu.

Ndugu Mwenyekiti, nadhani nimetimiza ahadi, maana sijaona aliyelala isipokuwa wawili, na hao walikuwa wakilala hata darasani mwaka 1979. Kama kuna maswali nitayapokea nje, chini ya mwembe. Kwa shule yetu nimeleta stuli nne kwa ajili ya maktaba. Mkuu wa Shule aziketie bila wasiwasi, na akipenda azigeuze kwanza asome.